Shimo la Arobaini na Saba

Baba, umeniuliza ukikung'uta theluji butini, mlangoni,
metali ilifikaje kule chini. Unadhani ilimwagika,
kama sarafu kutoka mfuko uliotoboka.
Ngoja. Mama anapakua.
Tazama mchuzi.

Kwanza palikuwa na moto usio na mwali,
uji mweusi wa jiwe, mzito kwa chuma,
uliopanda kutoka chini ya sakafu ya dunia
kwa ufa mwembamba kuliko mto wetu wakati wa kiangazi.
Nikeli ilikuwamo. Shaba ilikuwamo. Hata platini,
lakini kidogo, kidogo mno, imetapakaa
kama chumvi iliyotiwa na mkono wa bahili:
huioni, huionji, humlipi mtu kwayo.

Ungeganda tu, uji ule. Ungekuwa gabro,
jiwe la kujengea ngazi za kanisa, basi.
Ila njiani ulikuta ukuta wa tope la kale,
tope la bahari isiyo na jina, jeusi, limejaa salfa,
na moto una njaa, Baba.
Ukaula ukuta.
Ukala, ukala, hadi ukavimbiwa,
na kinachomshinda mlaji hakikai tumboni.

Salfa ikajitenga.
Matone.
Kama mafuta haya yanavyojitenga na mchuzi,
ila haya yako yanaelea, yale yalizama,
na kila tone likizama lilikuwa linaokota:
nikeli njoo, shaba njoo, kobalti nawe njoo,
na platini, ile adimu, ikauhama uji bila kuaga.
Uji mpya ukapita juu yake, na mwingine, na mwingine,
tone likichota kila mpita njia ushuru wake.
Kisha pale ufa unapopanuka, mkondo unapochoka,
yakalala, moja juu ya jingine,
miaka bilioni mbili
chini ya kuvu nyeupe ambayo kulungu wako wa theluji
huikwangua kwa kwato.

Hayo ni ya zamani. Sasa ya Alhamisi.

Ghalani, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
vigogo vya jiwe vimepangwa masandukuni kama mishumaa.
Nanyunyiza maji, nasogeza lenzi, naandika.
Mita mia mbili: gabro. Mita mia tatu: gabro.
Gabro, gabro, kama mtoto aliyeadhibiwa ubaoni.
Mita mia tatu na kumi na mbili
kalamu yangu ya sumaku ikageuka yenyewe
ikabusu jiwe.

Lilikuwa na rangi ya shaba iliyolowekwa kwenye chai.
Nikalinyanyua. Mkono ulitegemea mkate,
ukapewa risasi.
Hannele alipiga makofi, akaleta keki ya dukani,
tukaila tumevaa glavu.

Mimi nilikuwa nahesabu kwenye ramani
kutoka shimo la arobaini na saba
hadi zizi lako la kutengea ndama.
Kilomita moja na robo.
Nikapima tena, labda rula imeteleza.

Ningeweza kuandika gabro. Neno moja.
Nani angelisoma kabla ya masika?
Lakini kalamu ilikuwa bado imenata pale,
inaning'inia, haianguki,
na wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kundi
na kutaja hata aliyekufa.
Nikaandika: salfaidi, tele, mita nne na nusu.

Mchuzi wako umepoa, Baba.
Mafuta yameganda ukingoni mwa sahani, duara jeupe,
unalisukuma kwa kijiko, linarudi.
"Mita nne na nusu," unasema. "Ni nyingi?"
"Ni nyingi."

Runne anakwaruza mlango.
Unavaa buti zile zile, bado mbichi,
unatoka kumwangalia yule jike mwenye pembe moja
ambaye tangu juzi hataki kula.